Dawa ya kifafa na mifupa ya mama

Swali: Mama yangu ana miaka 54, anaishi Ahero. Ametumia fenobabitoni tangu nikiwa shule ya msingi, baadaye akaongezewa fenitoini, na ni muda mrefu hajaanguka. Mwezi uliopita aliteleza uani akavunjika mkono. Daktari alipoziona dawa zake alisema huenda ndizo zimechangia. Sasa mama anataka kuziacha. Je, ni kweli dawa ya kifafa hula mifupa?

Jibu: Pole dada, na umfikishie mama pole zangu. Kwanza kabisa, asiache dawa. Fenobabitoni ikikatwa ghafla, kifafa huweza kurudi kwa nguvu, mtu akaanguka mfululizo bila kurudiwa na fahamu, na hali hiyo huua.

Lakini daktari hakukosea. Fenobabitoni, fenitoini, primidoni na kabamazepini hulichochea ini livunjevunje kemikali upesi kuliko kawaida, na ini halichagui: vitamini D nayo huvunjwa. Vitamini D ikipungua, utumbo hushindwa kufyonza kalsiamu ya kutosha kutoka kwa chakula. Damu haiwezi kukaa bila kalsiamu, kwa kuwa moyo na misuli huitegemea, kwa hivyo vijitezi vinne vya shingoni hutoa homoni inayoichota kutoka kwa mifupa. Hilo likiendelea miaka mingi, mifupa hudhoofika. Valproati haichochei ini namna hiyo, ila nayo imehusishwa na mifupa kupungua uzito. Kwa mama yako kuna pia umri: hedhi ikikoma, mwanamke hupoteza homoni iliyokuwa ikimlindia mifupa.

Wagonjwa wengi hapa Kisumu huniuliza vitamini D itakosekanaje na jua hili lote. Jua husaidia, naye akae nje kila siku. Ila ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani, na ini lililochochewa huendelea kuvunja kile mwili unachotengeneza.

Mtazame anapoinuka kutoka kigodani mbele ya jiko. Je, anajisukuma kwa mikono juu ya mapaja? Anatembea akiyumba huku na huku, au analalamika mapaja na kiuno kuuma? Hizo ni dalili za mifupa iliyolainika kwa kukosa vitamini D, na mara nyingi watu hudhani ni uzee tu. Mweleze daktari ulichoona.

Kliniki abebe pakiti zote za dawa. Aombe damu ipimwe kalsiamu, fosfati, alkalini fosfatasi na, mkimudu, vitamini D yenyewe. Kipimo cha vitamini D ni ghali, na daktari anaweza kuamua kumpa tembe bila kukingoja. Tangu 2009 mamlaka ya dawa ya Uingereza imewashauri madaktari wafikirie kuwapa vitamini D wagonjwa walio hatarini wanaotumia dawa hizi kwa muda mrefu, na mimi naona ushauri huo unatufaa sisi pia. Akiandikiwa tembe za kalsiamu, asizimeze pamoja na fenitoini, maana huizuia isiingie mwilini vizuri. Aache angalau saa mbili katikati.

Mwulizeni daktari pia kama anaweza kuhamishiwa polepole dawa isiyochochea ini, kama lamotrijini. Kwa mtu aliyetulia miaka mingi, uamuzi huo si mwepesi, kwa hivyo msishangae akisita.

Kwa chakula mko mahali pazuri. Omena huliwa na mifupa yake, na hiyo ni kalsiamu tele; ongezeni maziwa na sukuma wiki. Spinachi ina kalsiamu, lakini mwili hauipati kwa urahisi. Uani pawekwe changarawe, na usiku pawe na taa.

Kama kuna binti nyumbani anayetumia dawa hizi, ajue kwamba zile zinazochochea ini hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya kupanga uzazi. Sindano ya Depo haiathiriwi hivyo, lakini nayo hupunguza uzito wa mifupa. Azungumze na muuguzi kabla ya kuchagua.

Mama akipata maumivu ya nyonga yasiyopoa hata akilala, au akishindwa kukanyagia mguu, msingoje siku ya kliniki. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo apigwe eksrei.