Tovuti inapendeza, lakini wateja hawakai

SWALI: Nina duka la spea za pikipiki Mbeya. Mwaka jana nilitengenezewa tovuti yenye picha kubwa zinazopokezana na video ya duka. Watu wanaingia ila wanatoka haraka, wengine wananipigia kuuliza bei ambazo zimo humohumo. Fundi anasema muundo umepitwa na wakati, nilipie mwingine. Nifanyeje?

JIBU: Usilipe chochote kwanza. Nimeifungua tovuti yako kwa simu ya kawaida, kwa bando. Picha ya kwanza peke yake ina MB 4. Ikafuata nyingine, kisha video ikaanza kucheza yenyewe. Bei nimezikuta chini kabisa, ndani ya faili la PDF lenye maandishi ya kuvutwa kwa vidole ndipo yasomeke. Sasa mfikirie anayeitumia: fundi wa bodaboda kainama juani, mikono ina grisi, anatafuta cheni na sproketi za Boxer huku mwenye pikipiki anamsubiri. Lazima apige simu.

Kinachonikera, na ninakutana nacho kila siku, ni hii imani kwamba tovuti ikishampendeza mwenye duka basi kazi imekwisha. Fundi anakuja na laptopu yake, Wi-Fi ya ofisini ina kasi, picha zinateleza vizuri, mwenye duka anafurahi, hela inatoka. Mteja hakuulizwa hata neno.

Ondoa picha zinazopokezana na hiyo video. Juu kabisa weka sehemu ya kutafutia, na spea ziitwe kwa majina wanayotumia mafundi wa pikipiki wenyewe. Bei ziandikwe kwenye ukurasa, pembeni ya kila spea. Picha ikipunguzwa upana na kuhifadhiwa kwa WebP, aina ya faili la picha lisilo zito, KB 100 zinatosha kabisa. Maandishi yako ya kijivu juu ya weupe hayaonekani juani. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane kwa mwangaza na mandhari yake kwa angalau 4.5 kwa 1. Namba ya simu nayo ikibonyezwa ipige.

Kisha waite wateja watano, mmoja mmoja, kila mtu na simu yake. Mwambie atafute bei ya breki za nyuma za Boxer, halafu wewe nyamaza. Usimwelekeze. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, alieleza tangu mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo, na gharama yake ni soda na vocha.

Nawaambia na wengine wenye maduka: anayekuuzia "watembeleaji elfu kumi kwa mwezi" anakuuzia roboti, yaani programu zinazofungua kurasa zenyewe, na roboti hawanunui cheni. Anayedai muundo umepitwa na wakati bila kumwona mteja hata mmoja akiutumia anabahatisha kwa hela yako. Kabla ya malipo ya mwisho, tovuti ifunguliwe mbele yako kwa simu ya mteja, kwa bando la mteja. Fundi aking'ang'ania laptopu yake, malipo yasubiri.