Addis bila nyama, nitaponea wapi?

SWALI: Habari zenu, mwezi ujao naenda Addis Ababa kikazi na mimi nyama sigusi kabisa, nasikia kule watu wanakula hadi nyama mbichi, si nitashindia mkate jamani? Msomaji, Moshi

JIBU: Wala usihofu dada, Waorthodoksi wa kule wanafunga Jumatano na Ijumaa na wakifunga hawali nyama, mayai wala maziwa, so migahawa mingi siku hizo inapika chakula cha mfungo, we sema tu "tsom" utaletewa beyaynetu, yaani injera (mkate wao mwembamba kama chapati) moja kubwa imejaa mafungu madogo ya dengu, kabichi, sukuma na shiro ya moto, ule mchuzi mzito wa unga wa jamii ya maharage (tamu balaa!). Siku zingine ulizia kwanza maana shiro huwa wanatia samli, na ile ya bozena ina nyama ndani, hiyo achana nayo.