Kwa wapendwa mliookoka juzi, kabla hamjaanza kukemea

Kila baada ya mkutano wa injili ninawaona wadogo zangu mkirudia yale yale: jaribu likija mnafunga, mnakesha, mnakemea hadi sauti inakauka, kisha mnarudi kuketi pale pale lilipowakuta. Bidii yenu ninaipenda, ila kuitazama kunanichosha.

1. Kabla ya kumtaja Shetani, someni Yakobo 1:14, panaposema kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe. Pepo wapo, sikatai, lakini hasira nyingine za asubuhi zinatokana na usingizi mliokosa mkeshani. Eliya alipoomba afe chini ya mretemu, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, naye akalala tena.

2. Yapo majaribu ya kukimbiwa. Yusufu aliacha vazi lake mkononi mwa mke wa Potifa akatoka nje, wala hakusimama kuomba kwanza. Hapa lazima niungame. Nilipokuwa mhazini wa kikundi cha vijana, michango ya ujenzi ilikaa katika simu yangu, nami nikaanza kuikopa, kwanza kwa nauli, halafu kwa kodi ya chumba, nikijiambia kwamba mshahara ukitoka nitarudisha. Nilijua ninaanguka, kwa hiyo nilifunga, nikaomba dhidi ya roho ya fedha, nikawasihi wenzangu waniombee kwa ajili ya “jambo fulani”, na ninyi mnajua wapendwa husema hivyo wakati gani. Kumbe mama mmoja, mzee wa kanisa, alikwisha kupendekeza fedha ziwekwe benki kwa saini tatu, na aliyempinga kwa sauti kubwa ni mimi, nikidai kwamba walokole tunaaminiana. Paulo, katika 1 Wakorintho 10:13, anaahidi mlango wa kutokea pamoja na kila jaribu. Wangu niliufunga mwenyewe, kisha nikakesha nikimlilia Mungu aufungue. Fundi wa mabati alipodai malipo yake, kikundi kizima kilijua. Deni nililimaliza polepole, lakini kilichoniuma zaidi ni yule mama kuendelea kunikaribisha chai bila kuligusia hata siku moja.

3. Karirini maandiko: nyikani Yesu alimjibu mjaribu mara tatu, na majibu yote yalitoka Kumbukumbu la Torati.

4. Semeni na mtu. Wazee wa uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, ukaenea Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930, waliketi pamoja wakazitaja dhambi zao waziwazi, aliyeiba akisema ameiba. Siwaambii mkatangaze kila kitu madhabahuni, maana ushuhuda wa namna hiyo huishia kuwa habari ya mtaa. Mtafuteni mmoja aliyekomaa, wa jinsia yenu, anayetunza siri na asiyeogopa kuwauliza tena wiki ijayo. Anayesumbuliwa na picha chafu amwone leo, kabla ya kutangaza mfungo mwingine, na simu ilale kwa huyo mlezi.