Beetle ya zamani: filta ya nje sawa, lakini pampu kubwa ya oili subiri kwanza

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa pamoja: taa ya oili ya Volkswagen Beetle yako ya 1972 inawaka na kuzima injini ikishapata moto na gari limesimama, na unataka kufunga pampu kubwa pamoja na filta ya nje kwa mkupuo mmoja. Nimezifungua injini hizi kwa miaka mingi, na yangu mwenyewe inatembea na filta ya nje. Filta nakuunga mkono kabisa. Pampu kubwa ndiyo nataka tuizungumze.

Anza na taa. Swichi yake inawasha pale tu presha ya oili inaposhuka hadi psi (kipimo cha presha) chache, kwa hiyo haikuambii una presha kiasi gani, inakuambia karibu imeisha. Funga geji ya mshale. Ukiwa na oili ya uzito wa SAE 30 yenye joto la nyuzi 70 za Selsiasi hivi, injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, isishuke chini ya psi 28. Ikishuka, kabla ya kuilaumu pampu ingia uvunguni na bisibisi pana. Fungua kizibo cha vali ya presha, ile inayomwaga oili presha ikizidi, upande wa puli, na kwa injini kama yako kuna ya pili upande wa flaiwili (gurudumu zito la upande wa klachi). Ndani utakuta pistoni ndogo na springi, na pistoni hiyo lazima iteleze bila kulazimishwa. Ikikwama wazi, presha inapotea kabla oili haijafika kwenye beringi. Ikikwama imefunga, oili nzito ya asubuhi inasukumwa yote kwenye kipozeo cha oili. Nimeona taa ikipona kwa kusafisha pistoni hiyo tu.

Sasa pampu. Yenye gia za milimita 30 itaizima taa kweli, lakini beringi zilizolegea zitabaki zimelegea, tofauti ni kwamba hutapata onyo tena. Halafu injini ikiwa ya baridi, vali haiwezi kumwaga oili yote hiyo kwa haraka, na sili za kipozeo ndizo zinaachia kwanza. Ukiongeza na filta ya nje hali inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu filta na mipira yake (hozi za oili) vinakaa kati ya pampu na vali. Presha ya asubuhi inavipiga kabla haijapunguzwa. Injini hii inataka oili safi inayopita kwa wingi, haihitaji presha ya kupasua vitu.

Usafi wa oili ndio kasoro halisi ya injini hii. Lita 2.5 za oili, na kinga pekee ni wavu wa chuma kwenye sampu (sehemu ya chini ya injini inapokaa oili), unaozuia takataka kubwa na kuachia vumbi la chuma liendelee kusaga krankishafti, shafti kuu ya injini. Kazi nzuri ya filta inafanyika injini ikiwa imefunguliwa nusu mbili. Unafunga kifuniko cha pampu chenye tundu la kutolea oili, unatoboa njia kuu ya oili pembeni ya pampu na kukata nyuzi za bomba (za kukazia skrubu) za inchi 3/8, kisha unaziba tundu la zamani la pampu. Hapo kwenye kuziba pasimamie mwenyewe. Lisipozibwa, oili inafuata njia yake ya zamani na filta inabaki pambo. Bloku ni ya magnesiamu, laini, na nyuzi za bomba zina umbo la kabari: ukikaza kwa nguvu inapasuka. Toa vizibo vyote vya njia za oili, osha na pulizia mpaka usione hata chembe, maana chembe utakayoiacha itakwenda moja kwa moja kwenye beringi.

Kama hutaki kufungua injini, kuna pampu ambayo filta yake inajifunga kwenye kifuniko chake. Inafanya kazi, ila inaning'inia karibu na ekzosi na mawe ya barabarani. Mimi naipenda filta iliyofungwa kwenye bodi, mdomo juu, ili niijaze oili kabla ya kuifunga. Mipira iwe ya oili ya moto, upana wa ndani nusu inchi, mbali na ekzosi, na iachie ulegevu kidogo kwa sababu injini inatikisika. Chagua filta yenye vali ya dharura ndani, inayopitisha oili filta ikiziba. Kabla ya kuwasha, chomoa waya wa koili na upige stata mpaka taa izime.

Wavu wa sampu unabaki palepale na utaendelea kuusafisha.

Na ukikuta pampu imechoka kweli, yaani uwazi kati ya gia na kifuniko umepita milimita 0.1, nunua ya saizi ileile. Angalia gia ya kemshafti (shafti inayoizungusha pampu) kwanza: ile bapa ya ribiti tatu na ile iliyobonyea ya ribiti nne hazitumii pampu moja, na mwaka wa gari hautoshi kukuhakikishia ipi imo ndani.