Nyumba yangu imepanda bei, ndiyo maana bati zimechelewa

Mwanangu,

Ujumbe wako kwenye kundi la familia nimeusoma saa tisa usiku, natoka kazini. Umeandika kwamba nyumba ya shangazi imefika dola 280,000, watoto wake wanasoma bure, lakini kuezeka nyumba ya bibi kunamshinda. Sikujibu pale kwa sababu bibi yumo. Nakujibu wewe.

Hiyo bei uliyoiona kwenye intaneti ni kweli. Nilinunua kwa 190,000. Ila hizo 90,000 zilizoongezeka sijazishika, na sitazishika mpaka siku nitakayouza nihame. Kilichonifikia mkononi ni barua ya benki. Huku Marekani benki inakusanya kodi ya jengo pamoja na rejesho la mkopo kila mwezi, na barua ilisema kuanzia Januari nitalipa dola 175 zaidi. Niliisoma nimesimama jikoni, koti sijavua. Hiyo ndiyo hela niliyokuwa namtumia fundi.

Sehemu kubwa ya kodi hiyo inakwenda shule. Bure unayoisikia ni kwamba hakuna anayekudai ada mlangoni. Huko nyumbani tangu 2016 serikali inapeleka ruzuku kwa hesabu ya wanafunzi, na kodi ya jengo inakatwa kidogo kidogo kwenye umeme wa LUKU. Hapa Ohio jimbo linatoa fungu lake, lakini sehemu kubwa ya kinachobaki inatoka kwenye nyumba zinazoizunguka shule. Mtaa wenye nyumba za bei ya chini, shule nayo inakuwa na hali mbaya. Barabara moja tu inatenganisha shule yenye bwawa la kuogelea na shule ambayo mvua ikinyesha wanatega ndoo. Mahakama ya Juu ya Ohio ilisema mwaka 1997 kwamba utaratibu huu unavunja katiba ya jimbo, ikarudia tena baadaye, na mpaka leo bado tunaendeshwa hivyo hivyo.

Bei za nyumba zikipanda, sheria ya 1976 inazuia kodi nyingi zilizopigiwa kura zisipande pamoja nazo. Kwa hiyo kila baada ya miaka michache shule inarudi kwa wananchi kuomba kodi mpya, na wananchi wanaipigia kura. Inahesabiwa kwa mili. Nyumba yangu wanaikadiria kwa asilimia 35 ya bei, yaani 98,000, na kila mili moja ni dola moja kwa kila elfu. Shule yetu iliomba mili saba. Piga hesabu: dola 686 kwa mwaka, kwangu mimi peke yangu. Zinanunua bati zote za bibi.

Mara ya kwanza wananchi walikataa. Shule ikafuta basi la sekondari, maana sheria inailazimisha kubeba watoto wa mpaka darasa la nane tu. Mwanangu wa kumzaa akawa anatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, giza, barafu njiani, anatembea pembezoni mwa barabara isiyo na njia ya miguu. Nilimshonea utepe unaong'aa mgongoni ili madereva wamwone. Kila nikisikia king'ora nilikuwa naganda pale nilipo.

Walipoleta kura tena, nilipiga ndiyo. Hili ndilo nililokuwa nalificha. Nilijua mili saba ni bati za mama yangu, nikapiga ndiyo, nikatoka pale naona haya kana kwamba ananitazama. Jirani yangu, bibi mjane anayeishi kwa pensheni, alipiga hapana. Aliniambia nyumba ameshaimaliza kuilipia lakini kodi inataka kumtoa humo humo. Sikuwa na la kumjibu. Ikapita kwa kura chache.

Sasa lile la pili. Umesema ukija utaandikisha watoto kwa anwani yangu, halafu upange nyumba kule kwenye nafuu. Usiniombe hilo kamwe. Mwaka 2011 hapa hapa Ohio, mji wa Akron, mama mmoja alihukumiwa jela siku 10 kwa kuandikisha watoto wake kwa anwani ya baba yake mzazi. Baba yake mzazi, siyo shangazi. Na wewe utakuwa mgeni, unakaa kwa makaratasi ya uhamiaji.

Usije. Hapo Tanga una duka, una nyumba isiyodaiwa na mtu. Lakini ukishaamua kuja, basi njoo ulale kwangu na familia yako yote mpaka mpate pa kukaa, hapo anwani itakuwa yenu kweli na hakuna atakayewagusa. Usikimbilie kununua nyumba. Ukinunua, kabla hujatazama jiko uliza shule ni ya wilaya gani na kodi ya mwaka ni kiasi gani. Na mkipanga msijidanganye kwamba hamlipi, mwenye nyumba ameshaiweka kwenye kodi ya pango.

Bibi asijue habari ya kura. Mwambie mimi ndiye niliyechelewa. Mwisho wa mwezi huu natuma ya mbao, nimeongeza zamu mbili za Jumapili. Fundi anunue mbao azipige dawa, apaue, bati zifuate kabla ya masika. Risiti zipige picha unitumie mimi, usiziweke kwenye kundi.