Darubini Yasema Mshtarii Haijachomoza, Nasi Tunaiona

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari nje kidogo ya mji wa Masaka. Klabu yetu ya sayansi imepata darubini ya kompyuta, ile ambayo mtu huchagua jina la nyota kwenye rimoti nayo ikageuka yenyewe na kuifuata. Tulisimamisha stendi uwanjani, tukaingiza mahali, tarehe na saa, tukaanza kazi saa mbili na nusu usiku. Mshtarii ilikuwa iking'aa upande wa mashariki, kila mwanafunzi akiiona kwa macho yake, lakini rimoti ikaandika kwamba sayari hiyo iko chini ya upeo. Tulipochagua nyota nyingine, darubini iliinama kuelekea ardhini. Je, kifaa ni kibovu? Tukirudishe dukani?

JIBU: Mwalimu, msikirudishe. Maelezo yako yanaonyesha kwamba kompyuta hiyo ilipiga hesabu yake sawasawa, ila ilipewa saa isiyo yake. Ninaamini mliandika 2:30, mkachagua herufi PM kwa kuwa ilikuwa baada ya mchana. Sisi, tukisema Kiswahili au Kiganda, huanza kuhesabu saa tangu jua linapochomoza na tena linapotua, lakini rimoti huanza kuhesabu usiku wa manane. Kwa hiyo darubini yenu iliamini kwamba ni saa nane na nusu mchana. Anga huonekana kuzunguka digrii 15 kwa kila saa moja, na kosa la saa 6 ni digrii 90, yaani robo nzima ya mzunguko. Sayari iliyokwisha kupanda nusu ya njia kutoka upeo wa mashariki hadi utosini huhesabiwa kuwa iko umbali uo huo chini ya upeo, na ndiyo maana mliandikiwa mlivyoandikiwa.

Andikeni 20:30, au 8:30 PM kama rimoti inatumia mtindo wa saa 12. Kanda ya saa ya Uganda ni +3, na pale rimoti inapouliza kama mnatumia saa za majira ya kiangazi, jibuni hapana, kwa sababu hapa kwetu saa hazibadilishwi mwaka mzima. Tarehe nayo itazameni mara mbili. Rimoti nyingi hupanga mwezi kwanza, kisha siku, hivyo anayetaka kuandika tarehe 3 Julai kwa desturi yetu, 03/07, atakuwa ameandika tarehe 7 Machi. Nyota huchomoza mapema kwa takriban dakika 4 kila siku, na miezi minne ya makosa huipindua anga ya kompyuta kwa karibu theluthi ya mzunguko. Niliwahi kukaa na wanafunzi uwanjani hadi saa nne usiku, tukifungua na kufunga nyaya, kabla mmoja wao hajasoma kioo cha rimoti polepole na kutaja jina la mwezi ulioandikwa pale. Tangu siku hiyo humpa mwanafunzi rimoti asome kwa sauti yote yaliyoingizwa, nami nalinganisha na simu yangu.

Kuhusu mahali, Masaka iko kwenye latitudo ya 0°20' kusini na longitudo ya 31°44' mashariki. Ukikosea ukaandika kaskazini badala ya kusini, kosa lako ni theluthi mbili za digrii tu, maana mstari wa ikweta wenyewe unapita Kayabwe, katika barabara hiyo hiyo ya kwenda Kampala. Ulinganishaji wa nyota, nitakaoueleza hapa chini, utalifuta. Ukiandika magharibi badala ya mashariki, umeihamisha shule yako hadi katikati ya bahari ya Atlantiki, na kosa linazidi digrii 63. Kama mji wako haumo katika orodha ya rimoti, chagua Kampala bila wasiwasi.

Kabla giza halijaingia, fanyeni kazi ambayo watu wengi huiruka. Elekezeni darubini kwenye kitu kilicho mbali, kwa mfano ncha ya mnara wa simu ulio juu ya kilima, mkiweke katikati ya lenzi ya jicho, kisha mkaze skrubu za kitafutio, yaani kile kifaa kidogo cha kulengea kilichofungwa ubavuni mwa darubini, mpaka nacho kionyeshe ncha hiyo hiyo. Kitafutio kilichopinda kitawafanya mlinganishe nyota isiyo yake usiku kucha. Lakini nasema hili kwa uzito wote: darubini isielekezwe upande wa jua, hata kwa nukta moja, isipokuwa mdomo wake wa mbele umefunikwa kwa kichujio kilichotengenezwa mahsusi kwa ajili ya jua. Jua huunguza jicho ndani ya darubini kabla mtoto hajapata nafasi ya kusikia maumivu. Mwalimu asimame hapo mwenyewe mpaka jua litue.

Stendi iwekwe juu ya udongo mgumu na isawazishwe kwa pima maji. Kisha huja ulinganishaji, ambao ndio moyo wa kazi yote. Ndani ya stendi kuna mota mbili, moja ya kuzungusha kushoto na kulia, nyingine ya kuinua na kuinamisha, na kompyuta huhesabu kila mzunguko wa mota hizo. Inajua imegeuka kiasi gani, lakini haijui ilianzia wapi mpaka uionyeshe nyota mbili na kuitajia majina yake. Kutokana na nyota hizo mbili huchora anga yote. Ukiionyesha Capella ukaiita Aldebaran, itachora anga potofu kwa uaminifu mkubwa.

Kwa hiyo mlinganishaji lazima azijue nyota chache kwa macho. Chagueni mbili zilizo mbalimbali, zisiwe zimejificha karibu na upeo wala zisiwe utosini. Katikati ya Februari, saa mbili usiku, Capella inafaa sana upande wa kaskazini, na Canopus, ile ambayo mabaharia wetu waliiita Suheli, upande wa kusini. Katikati ya Julai, saa hiyo hiyo, tumieni Vega inayopanda kaskazini mashariki, pamoja na Alpha Centauri iliyo kusini. Hii ya pili hutambulika kirahisi: tafuteni Msalaba wa Kusini, kisha nyota mbili angavu zinazouelekea, ile iliyo mbali zaidi na Msalaba, na yenye mwanga mkubwa zaidi, ndiyo yenyewe. Katika rimoti nyingi imeandikwa Rigil Kentaurus au kifupi chake, nanyi msiichanganye na Rigel, ambayo ni nyota ya kundinyota la Jabari, yaani Orion.

Mkisha kuiweka nyota ndani ya lenzi, badilisheni lenzi, muweke yenye nguvu zaidi, na mmalizie kwa vitufe viwili tu, cha kupandisha na cha kulia. Gia huwa na nafasi ndogo kati ya meno yake, na ukimalizia kila mara kwa upande mmoja, meno hubaki yamegusana na nyota haitorokei pembeni mara unapoachia kitufe. Kitabu cha kifaa chenu kikitaja vitufe vingine, kifuateni hicho.

Hapo ndipo mtakapoona faida ya kifaa. Nyota iliyo juu ya ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya Dunia, huvuka uwanja wa lenzi wenye upana wa digrii moja kwa dakika 4, na darasa la wanafunzi 40 haliwezi kupanga foleni ndani ya muda huo. Darubini inayofuata huishikilia mpaka mtoto wa mwisho aangalie. Mkiangalia Mwezi, badilisheni mwendo wa ufuatiliaji kutoka wa nyota hadi wa Mwezi, kwa sababu Mwezi husogea mashariki kati ya nyota kwa karibu upana wake mwenyewe kila saa. Na ikiwa kila kitu kilikwenda vizuri kwa saa nzima, halafu darubini ikaanza kutangatanga, pimeni betri kwanza. Betri ndogo za tochi huisha upesi. Betri ya volti 12 yenye kebo inayolingana na kifaa itawavusha usiku.

SWALI: Naishi Kampala. Darubini yangu hufuata kila kitu vizuri, lakini nyota tatu za mkanda wa Jabari zikifika juu kabisa, stendi huanza kuzunguka kwa kasi na nyota hunipotea. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea. Kampala iko digrii theluthi moja tu kaskazini ya ikweta, na Mintaka, nyota ya kaskazini kabisa katika mkanda huo, hupita karibu utosini pako, pungufu ya digrii moja. Stendi yenye mota ya kuzungusha na ya kuinua hulazimika hapo kugeuka kutoka mashariki hadi magharibi ndani ya dakika chache, na aghalabu hushindwa. Itazame Jabari ikiwa bado upande wa mashariki, au iache ipite utosini kwa muda wa saa moja kisha uirudie upande wa magharibi. Ukipenda kupiga picha, nchi yetu imekupa zawadi: nyota zinazochomoza mashariki kamili hupanda wima kama kamba ya ndoo kisimani, mota ya kuzungusha hupumzika karibu kabisa, na picha haizunguki ndani ya kamera kama inavyozunguka kwa anayepiga kaskazini au kusini.

SWALI: Niko Gulu, nami nina stendi ya aina ya ikweta, ile ambayo mhimili wake mmoja hulazwa sambamba na mhimili wa Dunia. Kitabu kinaniambia nielekeze mhimili huo kwenye Polaris, nyota iliyo karibu na ncha ya kaskazini ya anga, lakini sijawahi kuiona. Nifanyeje?

JIBU: Gulu iko takriban digrii 2 na dakika 46 kaskazini, na Polaris hukaa hapo karibu digrii 3 juu ya upeo, ndani ya vumbi na moshi wa vijiji. Stendi nyingi za aina hiyo pia hazishuki hadi pembe ndogo kiasi hicho, na fimbo ya mzigo wa kusawazisha hugonga mguu wa stendi. Zungusha stendi ili mguu usikae chini ya fimbo. Kama stendi yako inashuka, elekeza mhimili kaskazini kwa dira, ukiiweka simu na vyuma mbali, kisha usahihishe kwa nyota. Chagua nyota iliyo karibu na utosi na uitazame kwa dakika kadhaa mota zikifuata. Ikiteleza kusini, mhimili umekwenda mashariki mno, usogeze magharibi. Ikiteleza kaskazini, fanya kinyume chake. Halafu chagua nyota iliyo chini upande wa mashariki. Ikiteleza kusini, mhimili uko chini mno. Ikiteleza kaskazini, uko juu mno. Rudia hatua zote mbili mpaka nyota itulie kwa dakika 5, kisha utie alama ya rangi sakafuni pale miguu ya stendi ilipokaa, ili usiku unaofuata usianze upya.