Kabla hujamwanika mtu mtandaoni, niulize mimi niliyemwanika mama wa samaki

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kakamega aliniandikia inboksi. Anataka kuanzisha ukurasa wa kuonja vyakula kama wangu, na swali lake lilikuwa moja tu: "Kaka, nawezaje kusema ukweli bila kuogopa watu?" Nilicheka kidogo, maana miaka miwili iliyopita hayo ndiyo yalikuwa majigambo yangu. Siogopi mtu mimi. Na nyinyi mnaonisoma, najua wengi mnapatamani hapa nilipo: wafuasi elfu tisa, hoteli zinakualika zenyewe, unakula hulipi. Basi nisikilizeni.

Ilikuwa Jumanne, mwendo wa saa saba mchana, kwenye kibanda kimoja upande wa Dunga, ufukweni hapa Kisumu. Nilichagua ngege, yaani tilapia, wa wastani, nikalipa, nikaketi kungoja. Mama akamchanja mbavuni, akamtumbukiza kwenye karai, mafuta yakalia. Simu yangu iko juu, narekodi. Samaki alipoletwa nikaonja, nikaona nyama imelegea na ladha hakuna. Hapo hapo, vidole bado vina mafuta, nikaitazama kamera nikasema: "Wadau, huyu ni wa China."

Kama si mtu wa Kisumu, huenda hujui uzito wa neno hilo. Hapa si maoni, ni tusi. Samaki waliogandishwa kutoka China huuzwa sokoni kwetu, na tangu zile kelele za 2018 kuhusu kuwaagiza, muuzaji akishabandikwa jina hilo wateja humpita kama hawamjui. Video ilisambaa usiku ule ule. Nililala saa nane, nahesabu laiki.

Kumbe samaki alitoka ziwa hili hili letu. Alifugwa kwenye vizimba, na ngege wa vizimba wengi wetu husema hana utamu wa yule wa kuvuliwa. Mama alikuwa na risiti ya mfugaji ndani ya kibeti chake. Ningeuliza tu, "Mama, samaki huyu umemtoa wapi?" ningeonyeshwa. Sikuuliza kwa sababu jibu lingeniharibia video. Hilo nimechukua muda mrefu kulikiri.

Lakini ya samaki yalikuwa madogo. Nyuma ya karai alikuwapo binti yake, miaka kama kumi na mmoja, amevaa sweta ya shule, anaosha sahani. Mimi hata sikumwona. Watu wa komenti walimwona. Mmoja akauliza mbona hayuko darasani siku ya Jumanne. Mwingine akaikuza picha akasoma beji. Kufikia Jumatano jioni shule ilikuwa imetajwa kwa jina, na mama ameitwa mtu wa kutumikisha watoto. Mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa pesa za mtihani. Basi.

Nilimwendea siku ya nne, nimejiandaa kwa matusi. Alinitazama, akasogeza makaa chini ya karai, akasema, "Nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo, "samaki ungesema tu hana utamu. Ningesikia. Sasa mtoto alikukosea nini?"

Video niliifuta, lakini kufuta ni kujifariji. Ilikuwa imeshapakuliwa na kuwekwa kwenye kurasa za watu, na juzi nimekutana nayo tena, wameitilia na muziki.

Aliyenitia baridi ni binamu yangu anayesomea sheria. Aliniambia Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kugusa habari za mtoto, na kwamba mwaka 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila wazazi kukubali, na klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Nakiri faini ilinishtua kuliko maneno ya yule mama. Na nyinyi wa "ni haki yangu kikatiba," someni kifungu cha 33 mpaka chini. Hicho hicho kinachotupa uhuru wa kusema ndicho kinachotuagiza kuheshimu haki na jina la mwenzetu.

Kisha ikafika zamu yangu. Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu niliandika, kwa utani, "Nimeomba msamaha, sasa mnataka nimwoe?" Jirani mmoja akapiga skrinshoti, akakata ujumbe wa juu na wa chini, akaposti. Jirani ambaye nimemwazima jenereta mara mbili! Nilitukanwa juma zima. Bado inauma, sitadanganya. Jamani, kundi ni sebule. Mtu hali kwako kisha akaondoka na sahani. Ukiona nimekosea, nipigie simu. Niambie mimi kwanza. Kwani ni vigumu?

Kwa hiyo dada yangu wa Kakamega, iseme sahani: chumvi, bei, muda uliongoja. Mtu muache. Uliza kabla ya kurekodi. Tazama nani yuko nyuma. Rudi siku nyingine kabla hujahukumu, maana hata mimi kuna siku ugali wangu unakuwa uji. Na uliza. Nimeshasema uliza? Uliza tena.

Mama alinikubalia nirekodi video ya kusahihisha: mkono wake na risiti tu, uso alikataa. Ile ya kwanza ilitazamwa na watu zaidi ya elfu sitini. Hii, mpaka leo asubuhi, 412.

Bado nakula pale, na nalipa. Mama tunataniana siku hizi. Binti ndiye bado. Nikitoa simu mfukoni, hata kuangalia saa tu, anageuka kuelekea ukutani, anaendelea kuosha sahani amenipa mgongo.